Rufaa ya Kupinga Ushindi Wetu wa Fainali

Timu ya Wasichana Mizabibu,
Makutupora,
Dodoma.
18 Septemba, 2024.

Ndugu Lameck,
Katibu wa Kamati ya Mashindano,
Kombe la Vipaji vya Mashinani,
Makole, Dodoma.

Ndugu Katibu,

YAH: KUPINGA USHINDI WA BAO MOJA KWA BILA TULIOBEBESHWA DHIDI YA BWAWANI YA HOMBOLO

Kichwa cha habari hapo juu hakijakosewa. Usikirudie mara ya pili, wala usimwite karani akusaidie kukisoma. Mimi ni Hilda Mazengo, kocha, katibu na mfua jezi wa timu ya wasichana ya Mizabibu, na nakuandikia kwa masikitiko makubwa kukujulisha kwamba Jumamosi iliyopita, tarehe 14, timu yangu ilishinda fainali kinyume kabisa na matakwa yake. Tumeonewa, na tunaomba Kamati ilitazame jambo hili kabla halijawa mazoea.

Nikukumbushe kwanza tulikotoka. Mwezi wa saba ulituita makocha wote ofisini kwenu Makole ukatusomea zawadi. Mshindi wa kwanza, ng'ombe dume mmoja. Mshindi wa pili, mipira mitatu, seti ya jezi, viatu pea kumi na sita, pamoja na ufadhili wa mwaka mzima, na ndani yake nauli ya wachezaji kwenda kwenye majaribio ya timu kubwa za wanawake. Nilinyoosha mkono nikauliza kama hukuishika karatasi juu chini. Ukanijibu kwa upole kwamba ng'ombe anatoka kwa mgeni rasmi, na mgeni rasmi hawezi kutoa zawadi ya pili, ataonekanaje mbele za watu. Hayo mengine yanatoka kwa wafadhili, na wafadhili hawasaidii mabingwa, wanasaidia wenye uhitaji. Bingwa si mlengwa, ulisema. Nikaliandika neno hilo kwenye daftari langu na nikalipigia mstari.

Sasa sisi, Ndugu Katibu, ni walengwa tangu kuzaliwa. Wachezaji wangu wanavuna zabibu za watu mpaka saa tisa alasiri ndipo wanakuja mazoezini. Uwanja wetu umezungukwa na migunga, na mwiba wa mgunga hauulizi kama mpira huo ndio wa mwisho. Wetu wa mwisho ulitoboka Jumanne ya wiki ya fainali. Ulikuwa na viraka vinne tayari, na fundi viatu alipoletewa aweke cha tano aliugeuzageuza, akaturudishia, akatupa pole. Hadi naandika barua hii Mizabibu ni timu ya mpira isiyo na mpira. Wasichana ni kumi na saba. Uvunaji ukiisha mwisho wa mwezi huu kila mmoja atashika njia ya kwao, na kama hakuna mpira wa kuwarudisha uwanjani hawatarudi. Nawajua, nimeshapoteza timu mbili kwa namna hiyo.

Kwa hiyo tuliazimia kuwa wa pili. Nakuomba usidhani ni kazi nyepesi. Anayetaka kuwa wa kwanza anashinda tu, basi. Anayetaka kuwa wa pili inabidi ashinde mechi zote mpaka fainali, halafu ashindwe moja, na hiyo moja asiikosee. Baada ya nusu fainali nilifuta mazoezi ya kufunga, nikaanzisha mazoezi ya kukosa. Wiki tatu nimewafundisha watoto wa watu kupaisha. Malalamiko yetu ni haya yafuatayo.

1. Ng'ombe. Kwanza tunashukuru. Alikuwa mweusi mwenye doa jeupe, aliingia uwanjani kavishwa skafu ya rangi za mgeni rasmi, na alipigwa picha nyingi kuliko nahodha wangu. Tatizo ni kwamba ng'ombe hadundi. Tena huku kwetu ng'ombe wa ushindi hafugwi, analiwa siku hiyohiyo, na aliyeshinda ndiye mwenyeji wa watu wote. Wazee wawili walijitokeza wakataka kumtunzia timu zizini, lakini kabla hawajakubaliana ni zizi la nani, wajumbe wa Kamati walikuwa wameshafika na visu vyao wenyewe. Visu vilikuwa vimenolewa. Laiti na nyavu za magoli zingeandaliwa kwa moyo ule. Paja moja lilikwenda na mgeni rasmi, na la pili likalifuata lisije likapata upweke. Maini yalikwenda na Kamati kwa ajili ya tathmini. Sisi mabingwa tukabaki na kichwa, kwato na wajibu wa kutafuta mchele, vitunguu na mkaa wa kuwapikia wageni waliobaki. Wachezaji wangu walikula saa moja jioni, wali na mchuzi.

2. Bwawani walikataa kutufunga. Hili linaniuma sana, kwa sababu kocha wao, Zaidi, namheshimu, ni mtu wa sala tano, na nilimtegemea awe na utu. Kumbe na yeye alikuwepo Makole siku ile, na yeye alikuwa na daftari. Dakika ishirini za kwanza mpira haukutoka katikati ya uwanja. Sisi tunawapa, wao wanaturudishia, tunawapa tena, mithili ya majirani wanaosukumiana kipande cha mwisho cha nyama kwenye sinia. Mgeni rasmi alisimama akapiga makofi, akachukua kipaza sauti akasema hajawahi kuona soka la pasi nyingi na utulivu kiasi kile mashinani.

Dakika ya thelathini kipa wangu, Ruthu, aliacha goli kwa maelekezo yangu akaenda kunywa maji. Straika wao akabaki peke yake, mpira mguuni, goli tupu mbele yake. Unajua alifanya nini? Alichuchumaa kufunga kamba za viatu. Ndugu Katibu, yule binti alikuwa pekupeku.

Kipindi cha pili ndiyo waliondoa haya kabisa. Beki wao alijaribu kujifunga mchana kweupe, na nahodha wangu Mwajabu ikabidi atimue mbio nusu ya uwanja kwenda kuuokoa mpira kwenye mstari wa goli la wapinzani. Aliokoa, lakini alitua vibaya, na goti limevimba hadi leo. Jumatatu hakwenda kuvuna. Nauliza kwa heshima zote, ni kanuni gani inayomtaka mchezaji aumie akilinda goli la timu nyingine?

3. Refa. Mwalimu Anyitike ni mtu mwema, amehamishiwa huku kutoka Mbeya kufundisha hesabu, na dakika alizihesabu vizuri. Ila mchezo wenyewe hakuuelewa. Beki wangu aliudaka mpira kwa mikono miwili ndani ya eneo letu la hatari, akaukumbatia, akamfuata refa nao mpaka alipo asije akasema hakuona. Refa akamwambia aache utani, mchezo uendelee. Mara ya tatu ndipo alipotoa penalti, na Bwawani wakaipiga ikatoka karibu na kibendera cha kona.

Wakati wa mapumziko nikaona nimsaidie. Nilimpelekea ndoo ndogo ya zabibu, nikamwomba kwa lugha ya kiutu uzima atuonee kidogo. Hapo nakiri nilikosea kukisia. Mtu wa kawaida akipelekewa zabibu na kocha anaelewa jambo moja tu, na Mwalimu Anyitike ni mtu wa kawaida. Alizila zote, akarudi uwanjani akatubeba kipindi kizima. Tukicheza rafu, faulo yetu. Mpira tukiutoa sisi, wa kurusha ni wetu. Hata watazamaji wa kwetu walianza kuona aibu. Naomba Kamati itoe mafunzo kwa marefa ili wawe wanauliza kwanza.

4. Machozi. Kipenga cha mwisho kilipolia Bwawani walianguka chini wote kumi na mmoja kwa mpigo, wakalia. Nimeambiwa na mtu wa Hombolo kwamba walikuwa wakifanya mazoezi ya kulia kando ya bwawa kwa siku tatu. Mmoja alikumbatia nguzo ya goli na ilichukua watu wawili kumbandua. Wafadhili na kamera zao wakawazunguka, wakawapa maji ya chupa, wakawauliza ndoto zao maishani. Wangu wakati huo wako katikati ya uwanja wanarukaruka na kupiga vigelegele, maana huzuni tulikuwa hatujaifanyia mazoezi, na hilo ni kosa la benchi la ufundi. Dada mmoja wa wafadhili aliwatazama, akatazama fomu yake, akaniambia kwa kweli anasikitika, wanaonekana wana furaha mno. Mipira mitatu ikapita mbele ya macho yetu ikiwa bado ndani ya nailoni. Hata ule wa kuchezea fainali, mali ya Kamati, mjumbe mmoja aliuchukua kwapani akaondoka nao kabla jasho halijatukauka.

5. Ubingwa wenyewe. Jumatatu nilifika ofisini kwenu kuulizia kama bingwa anaweza kufikiriwa walau mpira mmoja, hata uliotumika. Nilipewa barua ya pongezi. Nyuma yake kulikuwa na orodha: sisi mabingwa tutaiwakilisha wilaya ngazi ya mkoa, na tunatakiwa tuje na ada ya usajili, vyeti vya afya, picha ndogo za kila mchezaji, nauli, malazi, na mipira miwili ya kwetu wenyewe. Nikamuuliza yule kijana wa mapokezi kama kuna mfuko wa kusaidia. Akaniambia upo, wa timu zisizojiweza, na sisi tuna ng'ombe kwenye kumbukumbu.

Ngazi ya mkoa, nimesoma, mshindi wa kwanza anapata ng'ombe wawili. Ndugu Katibu, mimi naona tunakoelekea. Tukiendelea na mwendo huu wa kushinda tutafika taifa tukiwa hatuna viatu, tumewalisha nyama viongozi wa ngazi zote, na kila tunapopita tunaambiwa tunajiweza. Na Mungu apishe mbali tukaenda kuchukua ubingwa wa Afrika, kijiji kitauza mpaka mabati. Timu ngapi zimekufa hivi, bingwa mwaka huu, mwakani hata jina hazina? Ukitaka orodha ninayo, nyingine nilizifundisha mimi.

6. Devota Chilewa. Huyu ni mchezaji wangu namba kumi, ana miaka kumi na tisa, anatumia mguu wa kushoto, na ndiye aliyetutilia mchanga kitumbua chetu. Dakika ya themanini na nane, bila kwa bila, tunaelekea kwenye penalti, ambako nilikuwa nimeshapanga wapigaji wangu wabovu watano. Mpira ukamkuta mita ishirini na tano kutoka golini. Bwawani wakampisha njia, hilo lilitegemewa. Alichotakiwa kufanya ni kuurudisha kwa kipa, jambo ambalo amelifanyia mazoezi kwa wiki tatu. Badala yake alipiga. Kipa wao, kwa haki ya Mungu, hakuwa na kosa, alijitahidi asiuguse na hata angejitahidi kuugusa asingeufikia.

Na kinachoniudhi ni kwamba katika timu nzima hakuna aliyekuwa akiihitaji nafasi ya pili kama yeye. Ile nauli ya kwenda kwenye majaribio ilikuwa yake, sote tulijua, hata hatukuwa na haja ya kupiga kura. Mimi mwenyewe nilishamtafutia begi la kuazima. Kwa teke moja amejifungia mlango na akatufungia na sisi. Nidhamu ikifika hapo, kocha unabaki kuwa pambo tu la uwanjani.

Kwa hayo yote tunaomba yafuatayo:

(a) Ushindi wetu ufutwe, na bao la Devota lihesabiwe kuwa la Bwawani, ambao walikuwa karibu na goli hilo kuliko sisi.

(b) Tupewe nafasi ya pili pamoja na mipira yake. Ng'ombe hatuwezi kumrudisha kwa ukamilifu, ila tuko tayari kuwasilisha kwato, na kila aliyekula sehemu iliyobaki aandikiwe barua yake.

(c) Devota Chilewa afungiwe kucheza mwaka mmoja kwa kosa la kufunga bila ruhusa, iwe fundisho kwa wengine wenye mguu kama ule.

(d) Kuanzia mwakani nafasi ya kwanza ifutwe. Mashindano yaanzie nafasi ya pili, na kama mgeni rasmi ni lazima atoe ng'ombe, basi apewe yeye mwenyewe na akabidhiwe kwa heshima zote mbele ya kamera, kwa kuwa mwisho wa safari ni huohuo. Utaratibu huu ukionekana unafaa upelekwe ngazi za juu, ambako naona zipo timu zimekwisha kuanza kuutekeleza bila kusubiri waraka.

Nafahamu Kamati ina kazi nyingi, na kwamba bado mna ripoti ya kuandika kuhusu jinsi mlivyoinua vipaji. Mkihitaji kipaji kimoja kwa ajili ya jalada, mnajua kilipo, kinavuna zabibu mstari wa nne.

Nisalimie wote ofisini, na nyumbani watoto na mama watoto. Salamu kwa mgeni rasmi, na kwa dereva wake aliyeegesha gari juu ya kona ya kaskazini hivyo upande ule ukachezwa bila kona. Salamu kwa Mwalimu Anyitike, zabibu bado zipo. Salamu kwa dada wa wafadhili mwenye fomu. Kocha Zaidi mwambie goti la Mwajabu linamsalimu.

Wako katika kukitafuta kichapo chetu halali,

Hilda Mazengo
Kocha, Katibu na Mfua Jezi
Timu ya Wasichana Mizabibu

Nakala: Wafadhili, Kocha wa Bwawani, Hombolo, Faili.

N.B. Ndugu Katibu, utaona mwandiko umeharibika kuanzia hapa. Huu ndio wangu. Barua yote hapo juu imeandikwa na Devota. Mimi natamka, yeye anaandika, kwa sababu ana mwandiko mzuri kuliko wote kwenye timu, na vidole vyangu vimeharibiwa na mkasi wa kupogolea mizabibu. Ameandika kila neno bila kunibishia. Tulipofika kwenye kufungiwa mwaka mzima aliandika vilevile, akaweka nukta, akasubiri neno linalofuata. Nilipomaliza kutaja nakala, akanipa kalamu nitie sahihi, ndipo akauliza swali moja, kwa adabu, macho chini: "Kocha, na yule aliyesema 'Piga' tumwandike namba ngapi?"

Nimeichukua kalamu nijibu mwenyewe. Ni mimi. Mpira ulipomfikia alikuwa ameshageuka kuurudisha nyuma kama nilivyomfundisha, na akanitazama kwanza. Mimi nikauona ule mguu wa kushoto, nikaliona goli, nikamwona kipa kasogea hatua moja, na wiki zangu tatu zote zikanitoka kichwani. Sikusema tu, nilipaza sauti mpaka mgeni rasmi akageuka. Ulipoingia, mtu wa kwanza kumfikia Devota nilikuwa mimi, na kiatu kimoja, nalia. Nina miaka arobaini na sita. Sijawahi kufurahi hivyo, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu analijua hilo maana alikuwepo siku zote mbili.

Kwa hiyo futa ombi (c). Ukishalifuta hilo hayo mengine hayana pa kushika, yafute yote. Ubingwa ni wetu na haturudishi. Nauli ya Devota nitaitafuta mimi, na mipira waachie Bwawani. Ila naomba uwafikishie ujumbe kwamba Jumapili hii saa kumi jioni tunawaalika Makutupora kwenye mechi ya kirafiki. Mshindi hapewi kitu, na wa pili hapewi kitu. Waje na mpira.